Kwa nini rubani wa jeti huanzia kwenye ndege ya pangaboi?

Swali la leo limetoka kwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Nakuru. Anaeleza kwamba wanafunzi wake wa kidato cha tatu walitazama gwaride la Siku ya Jamhuri kwenye runinga, wakaona ndege ndogo za Jeshi la Wanahewa zikipita, kila moja ikiwa na pangaboi moja puani na viti viwili vilivyofuatana, na muda mfupi baadaye zikapita jeti. Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye anatamani kuwa rubani wa kivita, alimuuliza mwalimu wake: "Ikiwa nitaishia kwenye jeti, kwa nini nifundishwe kwa pangaboi? Ni kwa sababu nchi yetu haina fedha, au kuna jambo ambalo pangaboi litanifunza na jeti haliwezi?" Mwalimu anaomba jibu ambalo ataweza kulisoma darasani.

Mwalimu, nakushukuru wewe na mwanafunzi wako, kwa sababu swali hilo lina pande mbili na zote mbili zinastahili jibu kamili. Fedha zimo katika jibu, wala sitazificha. Lakini anayedhani kwamba pangaboi ni jeti ya maskini hajaielewa ndege yenyewe, na ningependa mwanafunzi wako asiingie katika kazi hii akiwa na dhana hiyo.

Ndege waliyoiona ni Tucano, na asili yake ni Brazil. Ilibuniwa katika kampuni ya Embraer chini ya mhandisi József Kovács, mzaliwa wa Hungaria, na ikaruka kwa mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1980. Mwaka 1985 Uingereza iliichagua iwe ndege ya kuwafunza marubani wake wa kijeshi, lakini kwa sharti kwamba iundwe upya katika kiwanda cha Short Brothers mjini Belfast. Injini ya awali yenye nguvu za farasi 750 iliondolewa, ikawekwa injini ya Garrett yenye nguvu za farasi 1,100. Pangaboi la mapanga matatu likawa la mapanga manne. Kiunzi kiliimarishwa ili kihimili miaka mingi ya kuchezewa na wanafunzi. Na chini ya tumbo ikaongezwa breki ya hewa. Kenya ilinunua 12 za aina hii ya Belfast, zinazoitwa Mk 51, na Kuwait ikanunua 16. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa na Strikemaster, jeti ndogo iliyotokana na Jet Provost ya Uingereza, na ni Jet Provost hiyo hiyo ambayo Tucano ilikwenda kuchukua nafasi yake kule Uingereza. Kwa maneno mengine, nchi zote mbili zilikuwa na jeti za aina hiyo kabla hazijanunua ndege ya pangaboi.

Hapo ndipo ningemtaka mwanafunzi wako atulie kidogo. Uingereza ilipoistaafisha Tucano mwezi Oktoba 2019, baada ya takribani miaka 30 ya kazi, haikurudi kwenye jeti kwa hatua hiyo ya mafunzo. Ilichukua Texan, ambayo nayo ni ndege ya pangaboi moja. Marekani, nchi ambayo hakuna atakayeituhumu kuwa na bajeti ndogo ya ulinzi, ilikuwa ikiwafunza marubani wake wapya kwa T-37 yenye injini mbili za jeti tangu miaka ya 1950. Mwaka 1995 ilichagua T-6, ambayo ndiyo hiyo hiyo Texan, iliyotokana na Pilatus PC-9 ya Uswisi, na kufikia 2009 T-37 za mafunzo zilikuwa zimeondoka. Nchi zenye uwezo wa kununua jeti za mafunzo zimezitazama, zimezitumia kwa miongo, kisha kwa hatua hii zikachagua pangaboi.

Sasa tuje kwenye fizikia, kwa kuwa ndiyo lugha ya darasa lako. Ndege husonga mbele kwa kurusha hewa nyuma, na msukumo inaoupata ni sawa na uzito wa hewa unaorushwa kila sekunde ukizidishwa kwa kasi iliyoongezewa hewa hiyo. Chukulia unahitaji msukumo wa nyutoni 1,000. Unaweza kurusha kilo 10 za hewa kila sekunde kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde, au kilo 100 za hewa kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, na msukumo utakuwa ule ule. Lakini wanafunzi wakipiga hesabu ya nishati waliyoipa hewa, yaani nusu ya uzito mara kasi kwa kipeo cha pili, njia ya kwanza itawagharimu jouli 50,000 kila sekunde na ya pili jouli 5,000 tu. Injini ya jeti ya zamani, kama iliyokuwa ndani ya Jet Provost, hufuata njia ya kwanza: inarusha hewa kidogo kwa kasi kubwa mno. Pangaboi hufuata njia ya pili, na kwa hiyo katika mwendo mdogo na mwinuko mdogo, ambako mwanafunzi hutumia saa nyingi akizunguka uwanja, akitua na kuruka tena, hutumia mafuta machache zaidi kwa kazi ile ile. Baada ya bei ya mafuta kupanda vibaya mwaka 1973 na tena mwaka 1979, hesabu hiyo haikuweza tena kupuuzwa na mkuu yeyote wa chuo cha urubani.

Pangaboi nalo lina mpaka wake, na ni vizuri wanafunzi waukokotoe wenyewe. Chukua pangaboi lenye kipenyo cha mita 2.4 linalozunguka mara 2,000 kwa dakika. Ncha ya panga itakuwa inakwenda kwa takribani mita 251 kwa sekunde. Ndege ikiwa inasonga mbele kwa kilomita 500 kwa saa, yaani mita 139 kwa sekunde, unganisha kasi hizo mbili kwa kanuni ya Pythagoras, kwa kuwa zimekutana kwa pembe mraba, nawe utapata mita 287 kwa sekunde. Sauti husafiri kwa takribani mita 340 kwa sekunde karibu na usawa wa bahari, na kule juu kwenye baridi kali kasi yake hupungua. Ncha ya panga inapoikaribia kasi ya sauti, kelele huongezeka, ukinzani wa hewa hupanda, na nguvu ya injini huanza kupotea bure. Ndiyo maana ndege ya kupambana haina pangaboi. Na ndiyo maana ndege ya mwanafunzi, ambaye hana haja ya kukimbia hivyo, inaweza kuwa nalo bila hasara.

Nilisikia hoja ya "teknolojia ya zamani" mwaka 2016 pia, wakati Tanzania ilipopokea Bombardier Q400 zake mbili na baadhi ya watu wakazibeza kuwa ni ndege za pangaboi. (Bombardier hiyo hiyo ndiyo iliyokinunua kiwanda cha Short Brothers mwaka 1989.) Waliobeza waliona mapanga nje, hawakuuliza kilichomo ndani. Kilichomo ndani ya Q400, na ndani ya Tucano pia, ni turbaini: hewa inavutwa, inabanwa na kompresa, inachanganywa na mafuta na kuwashwa, na gesi ya moto inazungusha turbaini, yaani gurudumu lenye mapanga madogo, sawasawa na ndani ya jeti. Tofauti ni kwamba nishati ya gesi hiyo, badala ya kutoka nyuma kama mchirizi wa kasi, inatumika kulizungusha pangaboi. Na mafuta yake ni yale yale ya jeti, ya jamii ya mafuta ya taa, yanayopatikana katika kila kiwanja kikubwa cha Afrika, tofauti na petroli maalumu ya ndege za pistoni ambayo mara nyingi ni adimu na ghali.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa injini ndiyo inayoamua mwanafunzi atajifunza nini. Ndani ya Garrett ya Tucano ya Belfast, kompresa, turbaini na giaboksi ya pangaboi vimefungwa kwenye shafti moja. Shafti hiyo huzunguka kwa takribani mizunguko 41,700 kwa dakika. Kama pangaboi la mfano wetu lingefungwa moja kwa moja hapo, ncha zake zingekwenda mara 15 ya kasi ya sauti, jambo lisilowezekana, na kwa hiyo giaboksi hupunguza mizunguko hiyo hadi kiwango ambacho mapanga yanaweza kukihimili. Rubani akiwa angani mizunguko haibadiliki kwa namna ya kuonekana. Anaposukuma wenzo wa nguvu mbele, kinachobadilika ni wingi wa mafuta na pembe ya mapanga: yanageuka kwenye vikombe vyao na kuibeba hewa nyingi zaidi. Kwa kuwa pangaboi lilikuwa tayari linazunguka kwa kasi kamili, msukumo unakuja papo hapo. Katika jeti za mafunzo za zamani mwanafunzi aliyechelewa kuongeza nguvu karibu na ardhi alilazimika kusubiri sekunde kadhaa injini ikusanye mizunguko yake, na sekunde hizo zimeua watu. Pangaboi la turbaini humsamehe mwanafunzi kosa hilo, na mwanafunzi anayeishi baada ya kosa lake ndiye anayejifunza.

Injini ya Pratt & Whitney Canada PT6, iliyomo katika Tucano ya Brazil, katika Texan na katika ndege za Pilatus, hufanya kazi kwa mpangilio mwingine. Turbaini inayozungusha kompresa na ile inayozungusha pangaboi hazikuunganishwa na chuma chochote. Kilicho kati yao ni gesi ya moto tu, inayopuliza kutoka ya kwanza hadi ya pili. Wanafunzi wako wanaweza kuzitambua injini hizi mbili bila kufungua hata skrubu moja. Siku watakapoitembelea ndege ya namna hii ikiwa imeegeshwa, wasimame mbele ya pua na kuyatazama mapanga. Ndege yenye PT6 inapozimwa, shinikizo la oili hushuka na springi pamoja na uzani wa kusawazisha huyageuza mapanga yakatizamana na upepo kwa ukingo wake, hivyo ukiwa mbele yanaonekana membamba kama kisu kilichosimamishwa kwa makali. Ndege yenye Garrett huzimwa mapanga yakiwa yamefungiwa na vipini maalumu katika hali ya bapa, nawe ukiwa mbele unayaona kwa upana wake wote. Sababu ni ile shafti moja: wakati wa kuwasha, kiwashio hulazimika kuzungusha kila kitu kwa pamoja, pangaboi likiwemo, na mapanga yakiwa bapa hayakati hewa nyingi, hivyo mzigo unakuwa mwepesi.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo jibu lenyewe la mwanafunzi wako: pangaboi hufundisha miguu. Chukulia pangaboi linazunguka kwa mwendo wa akrabu za saa ukilitazama kutoka kiti cha rubani. Hewa linayoirusha nyuma haiendi moja kwa moja, bali inajisokota kuzunguka kiwiliwili cha ndege kama kamba, na inapofika mkiani inaupiga usukani wa wima kwa upande wa kushoto. Mkia unasukumwa kulia, na pua inakimbilia kushoto. Rubani hulizuia hilo kwa kukanyaga pedali ya kulia. Wakati wa kuruka, nguvu ikiwa kamili na mwendo ukiwa mdogo, mguu unahitajika sana. Kadiri mwendo unavyoongezeka, hewa inayopita mkiani inaupa usukani uzito wake na mguu unalegezwa. Ndege ikipanda kwa nguvu nyingi na mwendo mdogo, mguu unarudi. Nguvu ikipunguzwa kwa ajili ya kushuka, ndege inataka kwenda upande wa pili na mguu wa kushoto ndio unaoitwa.

Katika miaka niliyokaa kiti cha nyuma kama mkufunzi nilijifunza kumjua mwanafunzi kwa gololi. Katikati ya ubao wa vipimo, mbele ya kila rubani, kuna kimrija cha kioo kilichopinda kidogo kama tabasamu, kimejaa kimiminika, na ndani yake mna gololi ndogo nyeusi kati ya mistari miwili. Ndege ikiruka sawa, gololi hukaa kati ya mistari. Ikiteleza ubavu, gololi hukimbilia upande mmoja, na kanuni ya kuirudisha ni kukanyaga pedali ya upande ilikokwenda. Mwanafunzi katika saa zake za kwanza husukuma wenzo wa nguvu kwa mkono wa kushoto, gololi inakwenda mbio hadi mwisho wa mrija, naye ndipo anapokumbuka mguu. Baada ya wiki kadhaa mkono na mguu huanza kwenda pamoja. Siku moja unatazama kutoka nyuma na kuona wenzo umesukumwa hadi mwisho, gololi haikutikisika, na mwanafunzi mwenyewe hajui kwamba amefanya kitu, kwa kuwa alikuwa anafikiria kona inayofuata. Jambo hilo haliwezi kufundishwa kwa maneno. Jeti ya mafunzo, ambayo haimsumbui rubani kwa namna hii, humwachia miguu ilale, na miguu iliyolala ni hatari siku ndege inapopoteza mnyanyuo, yaani nguvu ya mabawa inayoibeba, katika kona kali na kuanza kuanguka kwa mzunguko, kwa sababu wakati huo pedali ndiyo dawa ya kwanza.

Wabunifu hawakuliacha tatizo hili bila kikomo. Texan ina kifaa kinachosogeza sehemu ya usukani wa mkia chenyewe kulingana na nguvu ya injini na mwendo, ili nguvu za farasi 1,100 zisimzidi mwanafunzi. Kifaa hicho hakimalizi kazi yote, na maoni yangu ni kwamba inafaa kibaki hivyo.

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka. Katika Jet Provost mwanafunzi na mkufunzi walikaa bega kwa bega. Katika Tucano mwanafunzi yuko mbele na mkufunzi nyuma yake, kiti cha nyuma kikiwa kimeinuliwa ili mkufunzi aone juu ya kofia ya mwanafunzi. Mwanafunzi haoni mtu yeyote mbele wala pembeni yake, na hivyo anazoea mapema upweke wa chumba cha rubani wa kivita. Viti vyote viwili ni vya kujirusha, yaani vya kumtoa rubani nje ya ndege wakati wa hatari, vilivyotengenezwa na Martin-Baker. Tucano ilibuniwa navyo tangu mwanzo, wakati ndege nyingi za mafunzo za pangaboi hazikuwa navyo, kwa hiyo mwanafunzi anajifunza taratibu za kiti hicho kabla hajaigusa jeti.

Yapo pia yasiyofundishika hapa. Tucano haitamwonyesha mwanafunzi wako ndege inavyobadilika tabia karibu na kasi ya sauti, wala mabawa membamba yanayotaka kutua kwa mwendo mkubwa kama yale ya jeti ya kivita F-5 ya Kenya. Isitoshe, pangaboi litampa zoea moja ambalo jeti italazimika kulifuta: akivuta wenzo hadi mwisho, mapanga hulala bapa na kuwa kama breki, na ndege hupunguza mwendo mara moja, ilhali jeti iliyopunguzwa nguvu huendelea kuteleza mbele kana kwamba haikusikia. Rubani anayetoka kwenye Tucano mara nyingi hufika uwanjani akiwa na mwendo wa kupita kiasi katika safari zake za kwanza za jeti, na mkufunzi wake mpya hulijua hilo na kumsubiri.

Kwa sababu hizo, mafunzo yamepangwa kwa ngazi. Kenya imetumia Bulldog, ndege nyepesi ya pistoni, kwa hatua ya kwanza, kisha Tucano, kisha jeti. Uingereza humtoa mwanafunzi kwenye pangaboi na kumpeleka kwenye jeti ya Hawk kabla ya ndege ya kupambana. Waswisi wamekwenda mbali zaidi. Pilatus PC-21 yao, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2002, ina nguvu za farasi 1,600 na vioo vya vipimo vinavyoweza kupangwa vifanane na vya ndege ya kivita, na marubani wao wametoka humo wakaingia jeti ya kivita F/A-18 bila kupitia jeti ya mafunzo katikati. Nadhani hilo linafaa kwa nchi yenye wanafunzi wachache na wakufunzi wengi. Kwingineko ningeiacha ngazi ya kati ibaki.

Kuna jaribio moja ambalo unaweza kulifanya darasani, Mwalimu, na ningefurahi mwanafunzi huyo awe wa kwanza kulishika. Chukua gurudumu la baiskeli ya mtoto, funga kipande cha bomba kila upande wa ekseli yake ili kuwe na vishikio, kisha alishike mbele yake, kishikio kimoja karibu na kifua na kingine kikielekea mbele, kama pangaboi lilivyo puani. Mwenzake alizungushe kwa nguvu kwa mwendo wa akrabu kama anavyoliona yeye mshikaji. Halafu ashushe kishikio cha mbele ghafla, kama rubani anayeshusha pua. Gurudumu halitashuka tu. Litamvuta kwenda kushoto, kwa nguvu ambayo hakuitarajia. Akiinua kishikio, litamvuta kulia. Mwambie afanye hivyo mara kadhaa mfululizo, na mwenzake atazame miguu yake, aone ni mguu upi unaojikaza sakafuni kila mara bila yeye kuuambia.